Magoti ya Nukta

Katika nyumba ile kulikuwa na kazi moja tu isiyokuwa na jasho, na kazi hiyo alikuwa nayo Nukta. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama. Alipanda juu ya kigoda karibu na dirisha la duka, amevaa gauni refu la kitambaa cha ovyo ovyo, mikono imelala ubavuni, huku Shangazi akimzunguka na kijiti na chaki kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Watoto wengine likizo walitumwa sokoni, walichota maji, walisugua masufuria. Nukta alisimama.

Duka la mama yake lilishona sare za shule ya wasichana ya mtaani, magauni sitini kila mwaka kabla shule hazijafunguliwa. Mafundi wengine walikata kwa vipimo vya karatasi. Shangazi, ambaye ni dada wa baba yake Nukta na ndiye mkataji wa duka, alisema karatasi haina mabega, haina mgongo wala haipumui. Yeye alikatia mwilini. Alimchukua mtoto mmoja wa nyumbani mwenye kimo cha kati, akamvika gauni la mfano linalofika vifundoni, akasimamisha kijiti chake juu ya kigoda, na pale ncha ya kijiti ilipogusa kitambaa akachora chaki. Gauni la mfano likakatwa kwenye chaki, na hiyo ndiyo ikawa saizi ya kati. Saizi ndogo ilipunguzwa vidole vinne, saizi kubwa ikaongezwa vidole vinne. Miaka kumi na tisa walifanya hivyo, na hakuna mzazi aliyewahi kurudisha hata kifungo.

Mtoto huyo wa kimo cha kati aliitwa Kipimo, na Kipimo alikuwa na heshima zake. Kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba habebi maji. "Bega moja likivutwa na ndoo," alisema Shangazi, "sitini yote yatakwenda upande." Nukta alikuwa mtoto mwenye akili ya kupindukia, hasa kwa mambo yasiyomhusu mwalimu yeyote, na sheria ile moja akaizalisha. Kusugua masufuria kunapinda mgongo. Kwenda sokoni kunavimbisha miguu. Kugombezwa kwa sauti kubwa kunamfanya mtu arefushe shingo kwa hofu. Hiyo ya mwisho aliitunga mwenyewe, ikadumu wiki nzima kabla Mama hajashtuka.

Tena kulikuwa na utamu mwingine usioandikwa popote. Mama, Shangazi na Dada, watu watatu wa duka lile, walipokuwa wakimpima walisahau kwamba ana masikio. Maneno ya mtaa mzima yalipita juu ya kichwa chake: nani kaachika, nani karudiwa, nani kamwambia mumewe anakwenda msibani akaonekana kwenye harusi. Nukta alisimama kimya, macho kwenye dirisha, uso mtupu, huku anahifadhi neno kwa neno. Hakuna mtoto mtaani aliyekuwa na habari kama zake.

Heshima hizo zote zilikuwa na mwisho, na mwisho wenyewe ulichorwa kwa kalamu kwenye fremu ya mlango wa duka. Utosi wa Kipimo ukifika kwenye mstari, Kipimo anashuka kwenye kigoda, anakalishwa kwenye cherehani, na kuanzia hapo ni mtu mzima mwenye kazi. Dada alifika kwenye mstari miaka minne iliyopita, asubuhi, siku ya Jumanne. Jioni ile ile alikuwa anashona mapindo. Kabla ya hapo Dada alikuwa bingwa wa kuruka kamba, mtu wa kupanda kuta, na kwa kupiga miluzi alitia fora. Sasa alikunja nguo zake kabla ya kulala, na akiketi alisema "Ah, mgongo wangu" kama bibi wa watu. Ana miaka kumi na minane!

Nukta hakutaka. Hakuwa na sababu ya kitabuni, hakutaka tu. Alikuwa mziwanda, mdogo wa wote, aliyepewa jina la Nukta na baba yake, dereva wa lori, siku alipozaliwa akiwa kiduchu kama alama ya kalamu. Miaka kumi na tatu nyumba nzima ilimzoea kuwa mdogo, naye akazoea kuzoewa. Alihisi kwamba siku atakayoketi kwenye kile kiti cha cherehani, kuna msichana mmoja ataondoka mlangoni na kamba yake mkononi, na hatarudi tena.

Wiki moja kabla ya siku ya kupima, wenyewe wametoka, alisimama peke yake kwenye fremu ya mlango, akaweka rula juu ya utosi, akageuka kutazama. Alikuwa ameupita mstari kwa vidole vitatu. Mwaka jana alibakiza viwili. Mwili wake ulikuwa umekula njama na likizo bila kumshirikisha.

Akapima tena, safari hii bila viatu. Kisha bila soksi. Kisha amevuta pumzi zote nje. Vidole vilikuwa vitatu vile vile.

Ndipo akakumbuka kwamba gauni la mfano hufika vifundoni, na kwamba chini ya gauni refu mtu ana magoti.

*

"Huyu mtoto mbona anarudi chini?" Shangazi aliuliza siku ya kupima, rula imelala juu ya utosi wa Nukta, aliyekwisha kuvaa gauni la mfano, kwenye fremu ya mlango. "Mwaka jana alibakiza vidole viwili. Mwaka huu vinne!"

"Mitihani hiyo," alisema Mama, pini mdomoni. "Ilimkausha."

"Mitihani inakausha nyama, wifi, haikaushi mifupa."

"Labda mwaka jana nilikuwa na nywele nyingi, Shangazi," Nukta akasema kwa sauti nyembamba ya mtoto wa chekechea.

Ukweli ni kwamba alikuwa amezidisha chumvi. Kwa kuogopa mstari alikunja magoti kuliko ilivyohitajika, na akishakunja hakuwa na njia ya kujua amefika wapi. Dada aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akamtazama kitambo, akarudi kwenye mshono wake.

"Haya, juu," Shangazi akaamuru.

Kupanda kigoda magoti yamekunjwa, chini ya gauni, bila mtu kugundua, ni kazi inayotaka msanii. Nukta aliifanya kwa kujitia ameshika pindo asikanyage. Akasimama pale, mikono imefumbatwa tumboni ili kitambaa kilichosukumwa mbele na magoti kionekane kimesukumwa na mikono. Kila kitu kilikwenda vizuri kwa muda wa dakika tatu.

Kwa bahati mbaya siku hiyo Shangazi alikuwa na habari. Mke wa mwoka mikate alikuwa amehama chumba akalala kwa watoto, na sababu ilikuwa ndefu. Shangazi alishika kijiti mkono mmoja na chaki mkono mwingine, akasimulia vyote viwili vikiwa hewani. Mapaja ya Nukta yakaanza kuwaka moto. Alijikaza. Habari ikafika kwa mama mkwe. Akajikaza tena, huku anashuka kidogo, na kidogo tena, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, aliomba umbea uishe.

Chaki ilipogusa kitambaa alikuwa ameshuka vidole viwili zaidi.

"Tayari," alisema Shangazi. Mama akaja kutazama, maana jicho la mwisho lilikuwa lake. Hakuna kitambaa kilichokatwa dukani pale kabla Mama hajasema neno. Alimtazama Nukta kuanzia utosini hadi kwenye pindo, kisha akamtazama usoni, akakaa hivyo kwa muda. Nukta akamtolea tabasamu la malaika.

"Kata," alisema Mama.

Nukta alilivua gauni akiwa amechuchumaa, akavaa lake, akatoka nje akichechemea, na mchana wote aliruka kamba kama mtu aliyeachiwa kutoka kifungoni. Ushindi ulikuwa wake. Mwaka mzima mwingine! Jambo ambalo halikumpitia kichwani hata kidogo ni kwamba kitambaa kingesadiki kilichoambiwa.

*

Kwa wiki mbili Shangazi alikata, Mama na Dada wakashona. Ijumaa, shule inafunguliwa Jumatatu, wasichana wakaanza kuja kujaribu.

Wa kwanza alikuwa binti wa mwoka mikate. Alitoka nyuma ya pazia magoti yote mawili yakiwa nje, yanawatazama watu. Shule ile ilikuwa na sheria ya gauni kufunika goti, sheria ambayo Mwalimu Mkuu aliipenda kuliko somo lolote.

"We mtoto," Shangazi akashangaa, "umekula nini likizo hii?"

"Mikate," alijibu mtoto.

Wa pili alikuwa vile vile. Wa tatu, aliyepewa saizi kubwa, alilivuta gauni chini kwa mikono miwili, na alipoliachia likapanda. Wa tano alipotoka nyuma ya pazia Shangazi hakuuliza tena mtu amekula nini. Mama aliwaomba radhi wazazi, akawaambia warudi keshokutwa jioni, akafunga mlango. Nukta alikuwa amekaa kwenye marobota ya kitambaa, na aliona wazi kabisa, kama aliyefunuliwa pazia, kile magoti yake yalichofanya.

Hapo ndipo mtu mwema angesema. Nukta alikuwa mwema, lakini si kwa haraka.

"Labda kitambaa kimesinyaa," akasema. "Pasi ilikuwa ya moto mno."

"Pasi yangu?" Dada akaruka. "Usinitie mimi!"

Lakini Shangazi alikuwa ameshalidaka neno lile kwa mikono miwili. Kitambaa! Ndiyo! Alijitanda mtandio wake, akakumbatia magauni matatu, akavuka barabara mpaka kwa Bwana Jora, muuza vitambaa, na kabla ya salamu akamwambia mbele ya wateja kwamba anauza chandarua akikiita kitambaa cha sare. Bwana Jora alikuwa mzee mtulivu mwenye miwani nene. Hakubishana. Alileta ndoo ya maji, akaiweka barabarani mbele ya duka lake, akakata kipande kutoka jora lile lile, akakipima urefu mbele ya watu, akakitosa. Umati ukakusanyika, maana hakuna mtu anayepita ndoo iliyozungukwa. Akakikamua, akakipiga pasi ya moto mpaka kikatoa moshi, akakipima tena.

"Hakikupungua hata uzi," alisema. "Rudini nyumbani mkatazame mikono yenu, dada yangu."

Shangazi, ambaye tangu aolewe na tangu aachike hakuwahi kumwomba mtu msamaha, aliomba kwa sauti ya mbu. Nukta alimwona akivuka barabara kurudi, magauni yamekumbatiwa kifuani, umati unamtazama mgongo. Ile furaha ya kupiga chenga ikamtoka. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya kumwonea mtu mwingine, aina asiyoijua.

Mama alimsikiliza Shangazi mpaka mwisho. Kisha akavua utepe wa kupimia shingoni, akauzungusha taratibu kwenye vidole, akauweka juu ya meza ya kukatia.

"Basi ni mimi," alisema. "Jicho la mwisho ni langu. Mwaka mzima sasa sindano namtungisha huyu," akamwonyesha Dada kwa kidevu, "nikijidai nina haraka. Kesho asubuhi nakwenda kwa Mwalimu Mkuu. Nitamwambia atafute fundi mwingine. Sitawavalisha watoto wa watu kwa macho mabovu."

"Wifi, usiseme hivyo."

"Nimeshasema."

Mama akaenda dirishani, akachukua sindano na uzi, akajaribu kuitunga kwenye mwanga. Uzi ukapita pembeni, akaulamba, ukapita pembeni tena. Mama huyu, ambaye watu walisema anaweza kushonea mbu suruali! Dada akaanza kulia chinichini. Shangazi akageukia ukuta.

Nukta alifanya hesabu zake, na msimlaumu, maana ndivyo alivyoumbwa. Akinyamaza, yatapita. Watatafuta fundi mwingine, na Mama atakaa nyumbani akiamini amepofuka, na hakuna atakayejua, na yeye hatakalishwa kwenye cherehani yoyote kwa sababu hakutakuwa na duka. Angebaki mdogo kadiri apendavyo. Hesabu ilikwenda sawa kila mahali isipokuwa pale dirishani, ambapo uzi ulikuwa umepita pembeni kwa mara ya nne.

Akainuka. Alilitafuta gauni la mfano kwenye kapu la vipande, lile lililokatwa, akalivaa juu ya nguo zake, akapanda kigoda. Mapaja yalitaka kukunjika yenyewe kwa mazoea. Akanyoosha magoti. Akanyoosha mgongo. Akainua shingo, akasimama kwa urefu wake wote kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

"Mama," akasema, "nitazame."

Wote watatu wakageuka. Gauni la saizi ya kati lilikuwa limeishia kiganja kizima juu ya magoti ya Nukta. Kisha Nukta akakunja magoti polepole, akashuka, akashuka, mpaka pindo likafika pale linapotakiwa kufika, akabaki hapo, nusu ameketi bila kiti, midomo inamcheza.

Shangazi ndiye aliyeelewa kwanza.

"Kumbe nimewakatia watoto sitini nguo ya mtu aliyekaa!"

Akakishika kijiti. Nukta akaruka chini. Walizunguka meza ya kukatia mara tatu, Shangazi akitaja ukoo wote wa upande wa pili, Nukta akiapa kwamba hakujua, hakujua kabisa, alidhani ni mambo ya kwake peke yake, na Dada, machozi bado mashavuni, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. Mzunguko wa nne Shangazi alikosa pumzi, akaketi juu ya marobota, kijiti mapajani, kifua kinapanda na kushuka. Nukta angeapa kwamba aliona pembe ya mdomo wake ikicheza.

Mama hakuondoka dirishani.

"Umekua lini?" akauliza.

"Sijui, Mama. Ilitokea tu likizo."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungenishusha."

Mama alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi, na haya yalimtoka kwa shida, moja moja.

"Viatu vyako nimevibadilisha mara mbili tangu mitihani. Nikajiambia ni viatu vya siku hizi, vibovu. Na siku ile kwenye kigoda nilikutazama usoni. Nikaona uso si ule. Nikasema, kata." Akaitupa sindano mezani. "Macho yangu hayana ugonjwa, na kwa ajili ya sindano nitanunua miwani. Sikutaka kuona, basi. Wewe ndiye wa mwisho. Baada yako hakuna mwingine wa kupandisha pale."

Nukta hakuwa amefikiria hilo. Wakati wote alijiona mwizi wa peke yake, kumbe mwenye mali alikuwa amemshikia mlango. Alimwendea Mama akamkumbatia, na kidevu chake, ambacho zamani kilifika kwenye mfuko wa aproni, kikatua begani kwa Mama bila kujinyoosha.

"Haya," alisema Mama baada ya muda, akimsukuma kwa upole. "Siendi kwa Mwalimu Mkuu. Utakwenda wewe."

*

Jumamosi asubuhi Nukta aliketi ofisini kwa Mwalimu Mkuu, kwenye kiti kirefu cha wageni, miguu imefika sakafuni.

"Mzazi wako yuko wapi?"

"Nimekuja mwenyewe. Kosa ni langu."

Akaeleza. Mwalimu Mkuu alisikiliza bila kupepesa, kalamu mkononi. Nukta alieleza mstari, kigoda, kijiti, mke wa mwoka mikate (hapo akakatisha, akaruka mpaka kwenye chaki), Bwana Jora na ndoo. Alimaliza kwa kusema kwamba kitambaa cha bluu kilichobaki hakitoshi, ila kile cheupe cha kola kipo, na wakimruhusu wataongeza mkanda mweupe wa vidole vinne chini ya kila gauni, tena utapendeza kufanana na kola.

"Ulikunjaje hayo magoti?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Samahani?"

"Nionyeshe."

Nukta akasimama katikati ya ofisi, akaonyesha. Mwalimu Mkuu alimtazama, akatoa kitambaa mfukoni, akajifuta pua kwa muda mrefu kuliko mafua yoyote, mabega yakimtikisika.

"Sitini," alisema hatimaye, sauti imebana. "Jumatatu saa moja. Na goti lifunikwe."

Siku mbili zile walikaa wanne. Dada alimpisha Nukta kwenye cherehani yake na kumwelekeza: kanyaga taratibu, usikitazame kitambaa kinapotoka, tazama kinapoingia. Mkanda wa kwanza ulikwenda kama njia ya konokono. Wa pili Shangazi aliufumua bila kusema neno, jambo lililouma kuliko tusi. Wa saba ulinyooka. Kufikia wa kumi na tano, mgongo ulimshika, akajisikia akisema "Ah, mgongo wangu," na Dada akamkonyeza.

"Mimi nilinyoa," Dada akanong'ona.

"Ulinyoa nini?"

"Kichwa. Mwaka ule wa mstari. Nilimwambia Mama nina chawa. Nilipata miezi mitatu."

Nukta alimtazama dada yake, huyu mkunja nguo, kwa macho mapya kabisa. "Sasa siku ile ulipoinua macho ukanitazama..."

"Nilidhani umebanwa na choo."

Wakacheka mpaka sindano ikavunjika. Shangazi akawakaripia wote wawili, sawasawa, bila kumbagua mdogo. Baadaye mchana, mikanda arobaini imeshashonwa, Shangazi akavuta kiti, akatazama mlango, akashusha sauti.

"Sasa nyie, hili lisitoke humu ndani. Mke wa mwoka mikate karudi chumbani kwake."

Nukta alilipokea neno lile akashangaa. Kwenye kigoda angelichukua bure akakimbilia nalo barabarani kabla halijapoa. Leo ameambiwa yeye, akatazamwa machoni, akaombwa alitunze. Likawa zito. Alitamani kulisema na hakulisema, na ilimchosha kuliko mikanda kumi.

*

Jumatatu Mama alimtuma shuleni na magauni manne ya mwisho, ya watoto wapya waliochelewa kuandikishwa. Barabara ilijaa wasichana wenye mikanda myeupe chini ya magoti, na wawili watatu walikuwa wameshaanza kuringa kwa kusema ndiyo mtindo wa mwaka huu. Nukta alipita katikati yao, mzigo kwapani, akijizuia kuwaambia mtindo umetoka wapi.

Karibu na geti alimkuta kitoto kimoja cha darasa la kwanza, begi kubwa kuliko mgongo, kimesimama kando ya ukuta peke yake. Kilimtazama Nukta kuanzia chini, kikapanda, kikapanda, kikafika usoni. Kikashika mikono nyuma kama kilivyofundishwa.

"Shikamoo, dada."

Nukta akageuka kutazama nani anayesalimiwa. Nyuma yake kulikuwa na ukuta. Kulia kwake barabara, kushoto kwake mtaro. Wenzake wa kuruka kamba walikuwa mbali, ng'ambo ya pili, wanamwita kwa mikono. Kitoto kilisubiri. Hakingeondoka bila jibu, hilo lilionekana usoni, na kengele ya shule ilikuwa inalia.

Neno lenyewe alikuwa amelisikia kila siku ya maisha yake, likitoka kwa Mama, kwa Shangazi, kwa Bwana Jora. Hakuwahi kuliweka mdomoni mwake hata mara moja. Akauhamishia mzigo kwapa la pili.

"Marahaba," akasema.

Kitoto kikatabasamu, kikakimbia, kikaingia getini.